Ramani ya Utafiti wa Mifupa: Machapisho Yanatuonyesha Nini?

Mtu asimamaye katikati ya mji wa Morogoro na kuelekeza macho yake kusini hukutana na kilele cha Lupanga, chenye kimo cha zaidi ya mita 2,100. Wageni wengi hurudi makwao wakiamini kwamba wamekwisha kukiona kilele kikuu cha milima ya Uluguru. Sivyo. Kilele kirefu kuliko vyote ni Kimhandu, ambacho hupita mita 2,600, nacho kiko mbali upande wa kusini, katika eneo la uwanda wa juu wa Lukwangule. Mchoraji wa ramani ambaye hakuondoka mjini angekosea, si kwa kuwa ni mwongo, bali kwa kuwa alisimama mahali pamoja tu.

Makala haya yanaeleza ramani ya namna nyingine, yaani ramani ya utafiti, inayochorwa kwa kuhesabu na kulinganisha machapisho ya wanasayansi. Mfano tutakaoutumia ni utafiti wa kuziba mapengo ya mifupa. Tumeuchagua kwa sababu unagusa miguu ya watu wetu: vijana wa bodaboda wanaoteremsha ndizi kutoka Kinole na Matombo, abiria wa barabara kuu ya Dar es Salaam, na wakulima wanaoanguka kutoka juu ya minazi na mifenesi.

Kwanza hapana budi tujue pengo hutokeaje. Mfupa una sifa ambayo ngozi haina: hupona bila kuacha kovu. Ukivunjika, damu huganda kati ya ncha mbili. Baada ya majuma machache gegedu laini huziunganisha ncha hizo. Kisha gegedu hugeuka kuwa mfupa mchanga, nao kwa miezi na hata miaka huchongwa upya mpaka unapata umbo lake la awali. Ndiyo maana waunga mifupa wa vijijini, kwa mabanzi ya mianzi na kamba, hufaulu mara nyingi katika mivunjiko myepesi. Kazi yao ni kuzituliza ncha; uponyaji hufanywa na mwili wenyewe. Kadhalika plasta ya hospitali, ile ambayo mitaani huitwa hogo, haiungi mfupa. Hutuliza tu.

Shida huanza pale ngozi inapotoboka. Muundi, yaani mfupa wa mbele wa mguu chini ya goti, umefunikwa na ngozi peke yake upande wa mbele, bila misuli ya kuukinga. Pikipiki inapoanguka, mara nyingi mfupa huo hutokeza nje, na udongo wa barabarani huingia ndani. Jeraha lisiposafishwa vizuri na mapema, na mgonjwa asipopewa antibiotiki kwa wakati wake, vijidudu hujenga makao, vipande vya mfupa hufa, usaha hutoka kwa miezi. Daktari hulazimika kukata na kuondoa kilichokufa. Hapo ndipo pengo linapopatikana. Katika muundi wa mtu mzima, pengo linalozidi sentimeta mbili hivi kwa kawaida halitazamiwi kujiziba lenyewe. Mwili hulijaza nyama ya kovu, na mguu hubaki ukipinda kama tawi lililovunjika nusu.

Njia ya zamani ya kuziba pengo ni kuchota mfupa katika nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuupandikiza. Njia hii bado ni kipimo ambacho nyingine zote hulinganishwa nacho, ila mfupa wa nyonga hautoshi kwa pengo kubwa, na kidonda cha pili huleta maumivu yake. Mwaka 1965 Marshall Urist wa Marekani alionyesha kwamba mfupa uliotolewa madini yake kwa asidi, ukipandikizwa katika msuli wa mnyama, huufanya msuli uote mfupa mpya. Kutokana na ugunduzi huo zilitambuliwa protini zinazoamsha uotaji wa mfupa, nazo huuzwa leo kwa bei ambayo hospitali nyingi za kwetu haziwezi kuifikia. Mfaransa Alain-Charles Masquelet, tangu miaka ya 1980, alijaza pengo kwa saruji ya kitabibu, akangoja majuma sita hadi manane mpaka mwili utengeneze utando kuizunguka, kisha akaiondoa saruji na kupandikiza mfupa ndani ya utando huo. Wengine wametafuta kiunzi, yaani kitu chenye vitundu vidogo vidogo, cha madini au cha plastiki inayoyeyuka mwilini, ambacho seli za mfupa zitapanda na kukaa kama mbaazi zinavyopanda juu ya mti wa kuegemea. (Naomba radhi kwa wakulima: mbaazi hausimamishwi kwa mti, tuseme maharage ya kupanda.)

Sasa, anayetaka kujua utafiti huu unaelekea wapi afanye nini? Machapisho ni mengi kupita uwezo wa msomaji mmoja. Mwaka 1917 Cole na Eales wa Uingereza walihesabu maandishi ya anatomia linganishi yaliyotoka kati ya mwaka 1550 na 1860, wakachora grafu ya kupanda na kushuka kwa taaluma hiyo. Derek de Solla Price, katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba maandishi ya sayansi huongezeka maradufu kila baada ya miaka kumi hadi kumi na mitano. Mwaka 1964 Eugene Garfield alianza kutoa faharasa kubwa inayoonyesha ni makala gani yametaja makala gani. Hapo upimaji wa machapisho ukapata chombo chake, kwani kila mwandishi anapomtaja aliyemtangulia huacha alama ya unyayo, na nyayo zikihesabiwa njia huonekana.

Uchoraji wenyewe si uchawi. Tuchukue makala matano ya kubuni. Ya kwanza yana maneno makuu “kiunzi” na “seli shina”. Ya pili yana “kiunzi”, “seli shina” na “panya”. Ya tatu yana “kiunzi” na “panya”. Ya nne yana “maambukizo” na “antibiotiki”. Ya tano yana “maambukizo”, “antibiotiki” na “muundi”. Hesabu jozi: kiunzi na seli shina zimekutana mara 2, kiunzi na panya mara 2, seli shina na panya mara 1. Upande wa pili, maambukizo na antibiotiki zimekutana mara 2, na muundi umekutana na kila moja kati ya hizo mara 1. Andika kila neno ndani ya duara, unganisha kwa mistari maneno yaliyokutana, nene kwa jozi iliyokutana zaidi. Utapata visiwa viwili, na hakuna hata mstari mmoja wa kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine. Kompyuta hufanya hivyo hivyo kwa maelfu ya makala, hupaka kila kisiwa rangi yake, na huonyesha ni neno gani lilianza kuvuma mwaka gani. Kazi hiyo ambayo zamani ilihitaji kadi na penseli za miezi mingi sasa humalizika kabla chai haijapoa, na labda ndiyo sababu ramani za namna hii zimekuwa nyingi kuliko wasomaji wake.

Ramani za mapengo ya mifupa hufanana kwa mambo makuu. Maneno ya zamani zaidi ni ya madini ya mfupa na ya protini zilizofuata kazi ya Urist. Baadaye huja seli shina, kisha viunzi vilivyochapwa kwa mashine tabaka juu ya tabaka, na katika miaka ya karibuni maneno ya kinga ya mwili, hasa seli zinazomeza uchafu na jinsi zinavyoamua kama jeraha litapona au litaendelea kuwaka. China na Marekani ndizo zenye machapisho mengi zaidi. Mnyama anayeonekana sana ni panya mweupe, aliyetobolewa tundu dogo katika fuvu la kichwa. Sisi wa Morogoro panya tunamheshimu kwa kazi nyingine, kwa kuwa hapa ndipo panya buku wanapofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Lakini fuvu la panya halibebi uzito wa mwili, na muundi hubeba. Mbuzi au kondoo angekuwa karibu zaidi na binadamu, na mji wenye chuo kikuu kinachofundisha udaktari wa mifugo haukosi mbuzi.

Sasa turudi kwa yule mchoraji aliyesimama mjini. Tangu mwaka 1951 Gavriil Ilizarov, daktari wa mji wa Kurgan huko Siberia, alikuwa akiunga mifupa kwa pete za chuma zilizozunguka mguu, zikishikwa kwa waya. Aligundua kwamba mfupa ukikatwa kwa uangalifu na kuvutwa polepole, kiasi cha milimita 1 kwa siku, mfupa mpya huota katika nafasi inayoachwa. Kwa njia hiyo kipande kizima huweza kusafirishwa mpaka kizibe pengo, bila kununua protini wala kiunzi. Aliandika Kirusi. Mtu ambaye angechora ramani mwaka 1975 kwa kutumia majarida ya Kiingereza asingemwona kabisa, ingawa wagonjwa wa Kurgan walikuwa wakitembea. Madaktari wa magharibi walianza kumsikiliza baada ya Mwitalia Carlo Mauri, mpanda milima ambaye mguu wake ulikuwa umemsumbua kwa miaka mingi, kutibiwa Kurgan mwaka 1980. Mwaka uliofuata Ilizarov alialikwa Italia kutoa mhadhara. Katika ramani angeonekana kama kilele kilichochipuka ghafula, kumbe mlima ulikuwapo miaka thelathini.

Kwetu kosa huwa la namna nyingine, nalo ni dogo kiasi kwamba hupita bila kuonekana. Mwaka 2020 jarida moja kubwa la upasuaji wa mifupa la Marekani lilichapisha jaribio lililofanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Wagonjwa zaidi ya 200 wenye muundi uliotoboa ngozi waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walitiwa msumari wa chuma ndani ya uboho, wengine wakafungwa fremu ya vyuma vya nje. Baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti ya kutegemewa katika maambukizo ya ndani na kurudiwa kwa upasuaji, ingawa kwa wenye msumari mifupa ilinyooka vizuri zaidi. Hilo ni jibu ambalo daktari wa mkoa anaweza kulitumia kesho asubuhi. Lakini mchoraji akiiuliza kompyuta “pengo la mfupa”, makala hayo yaweza yasitokee, kwa sababu yanazungumzia mvunjiko. Pengo lilizuiwa kabla halijazaliwa, na kilichozuiwa hakina neno kuu.

Kwa hiyo naona hatari kwa kijana wa kwetu anayetafuta mada ya shahada ya pili. Huifungua ramani, huona seli za kinga ziking'aa kwa rangi ya manjano, naye hukimbilia huko, bila maabara wala kemikali, ili awe wa mia tano katika foleni. Simkatazi; nami nilipokuwa ng'ambo nilivutwa na rangi hizo hizo. Namwomba tu atazame pia nafasi nyeupe kati ya kisiwa cha viunzi na kisiwa cha maambukizo, kwa sababu kiunzi kilichojaribiwa katika jeraha safi la panya hakijasema lolote kuhusu jeraha lililolala usiku kucha na udongo wa Mkuyuni ndani yake.

Tena ipo hazina ambayo ramani za machapisho haziigusi. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, huwapa madaktari wa nchi maskini misumari ya uboho ambayo hutiwa bila mashine ya eksirei chumbani mwa upasuaji. Sharti lake ni kwamba daktari apeleke kumbukumbu na picha za kila mgonjwa, ndipo misumari iliyotumika irudishiwe mingine. Kumbukumbu hizo si makala, hazimtaji mtu, na hazihesabiwi katika faharasa yoyote. Daftari la chumba cha upasuaji la hospitali ya mkoa nalo ni hivyo hivyo. Ndani yake zimo safu chache tu: tarehe ya kuumia, tarehe ya kufika, saa ya kusafishwa jeraha, dawa aliyopewa, na kama alirudi na usaha. Mwanafunzi mwenye penseli anaweza kuanza hapo, kisha akaweka matokeo yake kando ya ramani ya kompyuta na kuona ni safu zipi kati ya hizo hazina duara hata moja.