Fedha za Utafiti za Kushindaniwa: Wanazuoni wa Kusini Wajipange Vipi?

 

Ndugu zetu wa Nanganga, kwenye njia ya kwendea Ruangwa na Nachingwea, wanaijua hasara ya kazi kubwa isiyo na elimu ya mahali. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa miongoni mwa vituo vyake. Misitu ilifyekwa na reli ikajengwa, lakini udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha. Mradi ulipofutwa mwaka 1951, takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Elimu ya mahali, yaani lugha, historia, dini na maisha ya watu wa eneo fulani, ina wataalamu wake na jumuiya zao. Marekani ilianza kuigharimia kwa sheria ya mwaka 1958, baada ya Warusi kurusha Sputnik.

Fedha hizi hutolewaje?

Mfadhili hutangaza kiasi na masharti. Waombaji huandika andiko linaloeleza swali la utafiti, njia, muda na bajeti. Wataalamu wengine hulipima, na wachache tu hupata. Aliyepata hutoa ripoti ya kazi na hesabu ya fedha. Kwetu Tanzania ipo COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na barani ipo CODESRIA ya Dakar tangu mwaka 1973.

Kitabu cha Felicitas Becker cha mwaka 2008, juu ya namna watu wa kusini-mashariki mwa Tanganyika walivyoingia katika Uislamu, kimetolewa katika mfululizo wa British Academy wa watafiti waliopata ufadhili wake wa kushindaniwa. Basi habari za wazee wetu zimeandikwa, na tunashukuru. Lakini kwa nini jumuiya ya wanazuoni wa Lindi au Mtwara isishindanie fedha kama hizo? Wanaokumbuka masheikh wa zamani wanaondoka mmoja mmoja, na karatasi za ijaza na barua zinaliwa na mchwa majumbani.

Je, inafaa kisheria?

Wako wanaohofu kuwa huku ni kucheza kamari. Sivyo. Kamari ni kila mshiriki kutoa mali yake, kisha mshindi akachukua ya wenzake. Hapa mali ni ya mtu wa tatu, na mwombaji hapotezi kitu akikosa. Muamala huu unakaribiana na ju'ala, ujira unaoahidiwa kwa atakayetimiza kazi, na wanazuoni huitolea dalili katika Suratu Yusuf, aya ya 72. Msingi wake ni uhalali, kwa sharti tatu.

Kwanza, kazi yenyewe iwe halali, na mfadhili asishurutishe matokeo. Akitaka historia ipindishwe, fedha zake zirudishwe. Pili, andiko liwe kweli: kuorodhesha watafiti wasiokuwepo ni udanganyifu, na kumhonga mpimaji ni rushwa. Tatu, fedha ni amana. Iliyoombwa kwa kurekodi wazee haijengi ukuta wa madrasa, hata kama ukuta unahitajika, ila kwa idhini ya mwenyewe.

La kufanya sasa

Wafadhili wengi hawampi mtu asiye na taasisi. Basi jumuiya isajiliwe, iwe na katiba, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na hesabu zinazokaguliwa. Itafute mshirika chuo kikuu. Ianze na kazi ndogo isiyohitaji mfadhili: kuorodhesha nani ana karatasi gani, na kurekodi wazee kwa simu, kwa ridhaa yao. Orodha hiyo ndiyo itakayolipa nguvu andiko la kwanza.

Anayekosa mwaka huu asome maoni ya wapimaji, arekebishe, aombe tena. Mzee anayeondoka hana mwaka wa pili, kwa hiyo kurekodi kusisubiri fedha.

Wallahu a'lam.