Majira Yafaayo kwa Uvuvi wa Mtoni

Katika nchi za baridi, kama vile Norwei na Kanada, mvuvi wa samaki aitwaye samoni huvua kwa kalenda. Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurejea katika mto aliozaliwa ili atage, akiutambua kwa harufu ya maji yake. Kwa kuwa miezi ya kurejea kwake hujulikana, sheria huweka siku za kuvua na siku za kuacha. Je, mvuvi wa Kigwa, mkoani Tabora, aweza naye kupanga majira yake kwa elimu ya namna hiyo?

Unyamwezi una msimu mmoja wa mvua, ambao aghalabu huanza Novemba na kwisha Aprili au Mei. Misafara ya kale, iliyopita Kigwa ikielekea Tabora, iliijua vema tabia hii ya nchi: wakati wa kiangazi ilihangaikia maji ya kunywa, na wakati wa masika ilizuiwa na mafuriko. Mito kama Igombe na Wala hufurika mbugani wakati wa mvua. Ifikapo kiangazi hukatika, yakabaki madimbwi. Maji ya mito hiyo huelekea Mto Malagarasi, na hatimaye Ziwa Tanganyika.

Samaki aliyeumbika kuishi katika hali hiyo ni kambare. Juu ya matamvua yake kuna kiungo chenye umbo la matawi, ambacho humwezesha kuvuta hewa. Kwa hiyo huweza kuishi katika dimbwi la tope ambamo samaki wengine hufa. Mayai hukomaa tumboni mwake mapema, lakini hayatagwi mpaka maji yapande. Mvua kubwa za kwanza zinyeshapo, kambare huacha mto usiku na kuingia katika majani yaliyofunikwa na maji mapya. Mayai hunata majanini na kuanguliwa kwa muda wa siku moja au mbili. Wazazi hawayalindi.

Usiku huo ndio ambao kambare hukamatwa kwa urahisi kuliko wakati wowote, kwa mgono, kwa mkuki, hata kwa panga. Lakini urahisi huo una gharama. Jike mmoja mkubwa hubeba mayai makumi elfu. Akiuawa kabla ya kutaga, kinachopotea si kitoweo cha siku moja tu, bali ni kizazi kizima ambacho kingevuliwa miaka ijayo.

Jambo hili si nadharia tupu. Katika Ziwa Viktoria aliishi kwa wingi samaki aitwaye ningu, ambaye, mfano wa samoni, alitoka ziwani kila masika na kupanda mito kama Nzoia na Kagera ili atage. Nyavu za makila, zilizoletwa ziwani humo mwaka 1905, zilikuja kutegwa hata kwenye midomo ya mito, zikawanasa majike kabla ya kutaga. Mwaka 1965 mtaalamu D. A. Cadwalladr alichapisha maelezo ya kupungua kwa ningu, na ya kudhoofika kwa mitego ya asili ya wenyeji wa Mto Nzoia. Samaki alipopungua, ufundi wa kumvua nao ulififia.

Basi, je, tungoje mwisho wa kiangazi? Hapana. Kambare waliosalia katika dimbwi la mwisho, mwezi Oktoba, ndio wazazi wa msimu ujao. Tena wamekonda kwa uhaba wa chakula. Majira bora yako katikati: tangu maji yaanzapo kupungua, Mei au Juni, hadi kabla madimbwi hayajawa machache. Wakati huo samaki wamekwisha kutaga, nao wamenenepa kwa chakula cha mbugani. Serikali nayo imetumia kanuni ya kupumzisha maji: mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti.

Tarehe za ziwa, hata hivyo, si lazima ziwe tarehe za mto, na mvua hazifiki siku ile ile kila mwaka. Hapa ndipo shule ziwezapo kusaidia. Wanafunzi na wapime mvua kila siku, na kina cha maji kwa mti uliotiwa alama za sentimita. Kila mwezi, wauza samaki wapasuapo kambare sokoni, wachunguze majike ishirini na kuhesabu wangapi wana mayai yaliyokomaa, yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Kisha wachore grafu moja yenye mistari mitatu: mvua, kina cha maji, na asilimia ya majike wenye mayai. Baada ya misimu miwili au mitatu, kijiji kitaweza kuamua kwa ushahidi wake chenyewe ni wiki zipi migono ianikwe juani.