Mamluki wa Mashamba ya Ngano: Timu za Vijijini Zilizotikisa Kanada

Leo tuweke pembeni kidogo ligi kubwa na usajili wa mabilioni, tuongelee mchangani. Ila mchangani wa mbali sana.

Kila aliyewahi kusimama pembeni ya kiwanja cha mtaani analijua neno mamluki. Timu imeingia fainali, mbuzi wa zawadi amefungwa kwenye mti, halafu ghafla anaingia jamaa ambaye hakuna mtu anayemjua. Viatu vyake vizuri kuliko vya wote na mpira anaujua vibaya sana. "Huyu naye katoka wapi?" Kimya. Viongozi wanaangalia pembeni.

Basi msidhani huo ni ujanja wetu peke yetu. Kule Kanada, katikati ya mashamba ya ngano, kulikuwa na miji midogo kabisa iliyoleta mamluki kutoka maelfu ya kilomita, tena baadhi yao wakali wa dunia. Mchezo wenyewe ni besiboli. Na sababu ya wakali hao kukubali kwenda kucheza vijijini siyo ya kuchekesha hata kidogo. Ndiyo maana nimeona tuiongelee.

BESIBOLI KWA KIFUPI

Kwa ambao hamjawahi kuangalia: timu mbili, watu 9 kila upande. Mrushaji anasimama juu ya kijilima kidogo katikati ya kiwanja, anarusha mpira mdogo na mgumu. Wa timu pinzani anamsubiri na gongo. Akiupiga vizuri anatoka mbio kuzunguka vituo, na akifanikiwa kurudi pale alipoanzia ni pointi. Wenzetu waliocheza raundas shuleni watakuwa wameshaelewa, hizi ni ndugu wa ukoo mmoja.

Muhimu kujua ni kwamba mrushaji mmoja mzuri anaweza kuwanyima raha wapinzani mchana kutwa. Kwenye soka ukiwa na mshambuliaji mkali na wengine wote magarasa, unafungwa tu. Kwenye besiboli mrushaji mmoja anaweza kukubebea mechi. Hapo ndipo biashara ya mamluki inaponoga.

KWA NINI VIJIJINI?

Mikoa mitatu ya Kanada, yaani Manitoba, Saskatchewan na Alberta, ina eneo kubwa la tambarare. Ukisimama unaona ardhi mpaka inapokutana na mbingu. Reli ya Canadian Pacific ilikamilika mwaka 1885, na wahamiaji wakamiminika kulima ngano. Serikali ilikuwa inatoa ekari 160 kwa ada ya dola 10 tu, ili mradi ujenge na ulime.

Mkulima alikuwa anasomba ngano kwa mkokoteni wa farasi, kwa hiyo haikufaa stesheni iwe mbali. Ndiyo maana miji ilipangana kando ya reli, kila baada ya kilomita 10 au 15 hivi unakuta kamji: ghala refu la nafaka, duka, kanisa, shule, na kiwanja cha besiboli. Kila kamji kana jirani yake, na kila jirani ni mtani wake. Watani wa jadi kila stesheni!

Halafu kuna hali ya hewa. Baridi ya kule siyo ya Iringa wala Limuru, ni ya kugandisha mito miezi kadhaa. Kiangazi kikija watu wanatoka kama kumbikumbi. Mwezi wa 6 jua linazama saa 3 usiku imeshapita, huko kaskazini mwa Alberta linachelewa zaidi. Kwa hiyo mtu anashinda shambani, anakula, na bado anawahi mechi mchana haujaisha. Na kati ya kupanda na kuvuna kuna wiki kadhaa za kupumua. Wiki hizo ndizo zilikuwa za mabonanza.

Bonanza la kijijini lilikuwa sikukuu kweli. Kubwa zaidi zilifanyika tarehe 1 Julai, siku ya kuzaliwa kwa taifa la Kanada. Timu zinakuja kutoka miji ya jirani, zinachujana mpaka jioni, mshindi anaondoka na fedha. Watu wa familia wanakuja na chakula chao. Kiingilio kidogo, kofia inapitishwa, mambo yanakwenda. Wachezaji ni wakulima, walimu, makarani wa benki. Ridhaa mtupu.

Na siyo kwamba walikuwa wachovu. Mfano ni kamji kaitwako Delisle, karibu na Saskatoon. Ndugu wawili wa hapo, Doug na Max Bentley, walikuwa nyota wa hoki ya barafu kule Chicago. Max alichukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima mwaka 1946. Lakini kiangazi kikifika wanarudi nyumbani kucheza besiboli ya kijijini. Pata picha staa wa Ulaya anamaliza msimu, anarudi kwao anakipiga mchangani na wajomba zake.

AMBER VALLEY: TIMU YA WASIOTAKIWA

Sasa tuje kwenye stori yenyewe.

Mwaka 1907 Oklahoma ikawa jimbo kamili la Marekani, na moja ya mambo ya kwanza watawala wake waliyofanya ni kutunga sheria ya kuwatenga watu weusi kwenye treni. Mwaka 1910 wakawabana na kwenye kura. Weusi wengi wakasema hapa hapana maisha. Kati ya 1908 na 1911 zaidi ya watu 1,000 walivuka mpaka kwenda Alberta na Saskatchewan, kufuata zile ekari 160 ambazo Kanada yenyewe ilikuwa inazitangaza.

Kufika, wenyeji wakaanza kulalamika. Mjini Edmonton zaidi ya watu 3,000 walitia saini barua ya kutaka weusi wazuiwe. Tarehe 12 Agosti 1911 serikali ya Waziri Mkuu Wilfrid Laurier ikapitisha amri ya kuwapiga marufuku wahamiaji weusi kwa mwaka mmoja. Sababu iliyoandikwa? Eti hawafai kwa hali ya hewa ya Kanada. Jamani! Amri hiyo haikuwahi kutumika na ilifutwa Oktoba mwaka huohuo, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Maofisa mpakani nao walikuwa na njia nyingine za kuwakatisha watu tamaa.

Waliokuwa wameshaingia hawakuondoka. Kundi moja lilikwenda kaskazini kabisa mwa Alberta, karibu na Athabasca, sehemu iliyoitwa Pine Creek na baadaye Amber Valley. Hapakuwa na tambarare pale, palikuwa na msitu na matope. Wakakata miti, wakajenga shule na kanisa, wakalima. Na wakaunda timu ya besiboli.

Timu hiyo ikawa maarufu kaskazini mwa Alberta kwa miaka mingi. Walizunguka kwenye mabonanza ya miji ya wazungu na kuwachapa. Fikiria hilo vizuri: watu ambao miaka michache nyuma walikuwa wanasainiwa barua wafukuzwe, sasa wanasubiriwa kwa hamu, kiwanja kinajaa kwa ajili yao. Mimi sisemi besiboli ilimaliza ubaguzi, hapana. Mtu anaweza kukushangilia saa 10 jioni na saa 2 usiku asikukaribishe kwake. Lakini kwa jamii ndogo iliyojificha msituni, timu ndiyo ilikuwa barabara yao ya kutoka na kujulikana kwa jina lao.

INDIAN HEAD WALIPONUNUA TIMU NZIMA

Miaka ikapita, zawadi za mabonanza zikakua, na mamluki wakaanza kuingia. Kwanza mrushaji mmoja, halafu wawili. Halafu mwaka 1950 mji wa Indian Head, Saskatchewan, ukamaliza mchezo.

Huu ni mji mdogo kwenye reli, mashariki mwa Regina. Meya wake, Jimmy Robison, alitaka mji ujulikane. Hakutafuta mchezaji mmoja. Alileta timu nzima ya weusi kutoka Jacksonville, Florida, iliyokuwa inaitwa Jacksonville Eagles, ikabatizwa jina jipya: Indian Head Rockets. Wadau, hiyo ni kama mwenyekiti wa kijiji aamke asubuhi alete timu nzima kutoka nchi nyingine, awavalishe jezi ya kijiji!

Sasa swali: kwa nini wachezaji wazuri hivyo walikubali? Wengi wenu mnamjua Jackie Robinson, aliyevunja mwiko wa rangi kwenye ligi kuu ya Marekani Aprili 1947. Watu hudhani baada ya hapo mlango ulifunguka wote. Wapi! Ulifunguka ufa tu. Boston Red Sox walimchezesha mweusi wao wa kwanza mwaka 1959, miaka 12 baadaye. Wakati huohuo zile ligi za weusi zilikuwa zinakufa, maana mashabiki walihamia kumtazama Robinson. Kwa hiyo mchezaji mweusi wa mwaka 1950 alikuwa amekwama katikati: ligi yake imekufa, ligi mpya haimtaki. Kijiji cha ngano chenye mshiko wa uhakika kilikuwa ofa ya maana.

Mmoja aliyepita Indian Head ni Tom Alston. Aprili 1954 akawa mweusi wa kwanza kuichezea St. Louis Cardinals. Kutoka kiwanja cha kijijini hadi kwenye historia.

Huko Manitoba nako mwaka 1950 ikaanza ligi iliyoitwa ManDak, yaani Manitoba na Dakota, maana ilivuka mpaka wa Marekani. Hii tuseme ukweli haikuwa ridhaa tena, watu walikuwa wanalipwa. Lakini ilikuwa na timu ya mji mdogo kama Carman ikipambana na Winnipeg. Mabingwa wa kwanza, Winnipeg Buffaloes, walikuwa chini ya Willie Wells, na miongoni mwao alikuwepo mrushaji Leon Day. Satchel Paige, mrushaji ambaye wengi wanamhesabu kati ya bora wa nyakati zote, alirusha mechi chache za Minot mwaka huohuo.

Wells na Day wote waliingizwa kwenye jumba la mashujaa wa besiboli la Marekani. Lakini lini? Wells mwaka 1997, akiwa ameshafariki. Day alipigiwa kura Machi 1995, akafa siku 6 baadaye. Mashabiki wa Manitoba walikuwa wamewaona zaidi ya miaka 40 kabla, kwa kiingilio cha kawaida tu.

NA AKINA DADA

Tusiwasahau. Mwaka 1943, wakati wa vita, Marekani ilianzisha ligi ya wanawake, na maskauti walikwenda kuchota Saskatchewan, kwa sababu wasichana wa huko walikuwa wamekua wakicheza na kaka zao. Zaidi ya 20 walitoka mkoa huo mmoja. Mary Baker wa Regina alikuwa mdakaji hodari, na mwaka 1950 akawa meneja wa Kalamazoo Lassies. Mwanamke meneja, mwaka 1950! Ligi hiyo ilikufa 1954.

KWA NINI YALIISHA?

Sababu ni nyingi na zilikuja pamoja. Televisheni ilifika Winnipeg na Regina mwaka 1954, na mtu akaanza kutazama ligi kubwa akiwa amekaa kwenye kochi. Matrekta yalifanya shamba lisihitaji watu wengi, vijana wakahamia mijini. Saskatchewan ilikuwa na watu zaidi ya 920,000 mwaka 1931, mwaka 1951 walibaki kama 832,000. Magari na barabara nzuri zikamfanya mkulima aruke kamji kake aende kununua vitu mjini. Stesheni zikafungwa, na miji mingine ikafa kabisa.

Na mamluki nao walichangia. Mji ukishaanza kulipa, jirani naye analipa zaidi, mwisho hakuna anayeweza. ManDak ilikufa 1957. Halafu yule kijana wa kijijini aliyekuwa anarusha mpira ukutani kila jioni, nafasi yake imechukuliwa na mtu wa Florida. Anakaa benchi kwenye timu ya kwao.

Lakini ukiuliza upande wa pili, yule mtu wa Florida alipata kazi wakati kwao alifungiwa mlango, na watoto wa kijiji kile waliona mpira ambao wasingeuona maisha yao yote. Hapo ndipo mimi nakwama kusema mamluki ni wabaya moja kwa moja.

Mbegu haikufa lakini. Terry Puhl wa Melville, Saskatchewan, aliichezea Houston Astros kuanzia 1977. Corey Koskie wa kijiji cha Anola, Manitoba, alifika ligi kuu 1998. Miji kama Swift Current, Moose Jaw na Okotoks bado inacheza kila kiangazi, na wengi wa wachezaji ni wanafunzi wa vyuo wasiolipwa, wanaolala kwenye nyumba za familia za mji. Yaani mamluki wamebaki, ila sasa wanalipwa chakula cha mama mwenye nyumba.

Kumbukumbu zenyewe zimewekwa kwenye makumbusho ya mashujaa ya Battleford, Saskatchewan, na Morden, Manitoba. Miji midogo inatunza majina ya watu wake. Sisi timu zetu za mchangani zilizotoa mastaa, nani anaandika majina? Waliocheza miaka ya 80 bado tunao, wapo vijiweni wanapiga stori. Wakiondoka wanaondoka nazo.

Basi tuanzie hapa. Kwenye maoni hapo chini, taja timu ya mtaani kwenu iliyowahi kutisha, na mamluki mmoja ambaye hamtamsahau. Naomba kuwakilisha.