Taa nyekundu usiku wa Toronto



Wengi wetu tuliotawanyika tuna kile kisanduku cheusi kando ya ruta, ndani yake diski mbili, na kila mtu wa familia anatupia humo picha zake. Chetu kipo kwangu Scarborough, hapa Toronto. Binti yangu anakifungua kwa simu kutoka Muscat, mdogo wangu kutoka Mombasa. Humo mna harusi, mna maziko, na mna sauti ya marehemu mama niliyemrekodi mwaka 1994 akitaja nasaba yetu. Kanda zenyewe ziliharibika zamani kwa unyevu wa pwani.

Januari kikajaa. Diski zilikuwa za terabaiti 2 kila moja, nikanunua mbili za terabaiti 4. Kazi kwa maelezo ni nyepesi: toa moja ya zamani, tia mpya, ngoja kisanduku kiijaze kutoka kwa mwenzake, kisha ya pili vivyo hivyo. Nikaanza. Baada ya saa sita, asilimia 71, kikasita. Taa ikawa nyekundu.

Nikampigia binti. Kwangu saa tatu usiku, kwake saa kumi na mbili asubuhi.

"Baba, usiguse kitu! Ile ya zamani uliyoitoa iko wapi?"

"Hii hapa mezani. Ndo nataka kuirudisha."

"Hebu ngoja kwanza, Baba!"

Alikuwa na haki ya kupiga kelele. Diski mbili hizi zinafuatana kama mtu na kioo, kila linaloandikwa huku linaandikwa na kule. Lakini kuna sehemu za diski hazisomwi miaka, na zikioza hakuna anayejua. Siku ya kubadilisha, ile iliyobaki inalazimishwa kusomwa yote, mwanzo hadi mwisho, na hapo ubovu wake ndo unatoka. Yangu ilikuwa na sekta mbovu. Kisanduku kina ukurasa wa afya ya diski, ungenionesha mapema kama ningefungua. Mimi niliyewakagua watoto wa watu madaftari miaka thelathini, sikukagua.

Na kuirudisha ile ya mezani pembeni ya mbovu ni hatari nyingine. Kisanduku kinaweza kuihesabu mbovu ndiyo ya karibuni zaidi, kikaifuta nzima ili kuijaza upya.

Basi tukazima kila kitu. Tukatoa zote mbili, tukatia ile ya mezani peke yake, tukawasha. Ikaamka, inalalamika kwamba iko mpweke, lakini mafaili yapo. Kabla ya lolote tukanakili yote kwenye diski ya nje ya USB. Hiyo ndiyo nakala ya akiba hasa, maana kioo si akiba: ukifuta picha huku, na kule imefutika. Kisha tukatia diski mpya, ikajaa bila kusita, na ya pili kesho yake.

Kasheshe haikuisha. Diski mpya mbili, bado kinasema 2! Huko si kuharibika. Kinabaki na ukubwa wa zamani mpaka uingie kwenye mipangilio ukiamrishe kipanue. Nikaamrisha, kikaonesha 3.63 badala ya 4. Hakuna aliyeibiwa: kiwanda kinahesabu kwa elfu moja moja, kompyuta nyingi kwa 1,024.

Mnaotaka kununua, ulizeni muuzaji diski inaandika vipi. Ziko zinazopandanisha mistari kama makuti ya paa. Ukitaka kubadili kuti moja lazima uinue yaliyolilalia. Kujaza upya kwa hizo kunaweza kuchukua siku nyingi, au kukatika. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, za terabaiti 2 hadi 6, zilikuwa za namna hiyo bila wanunuzi kuambiwa. Zangu hazikuwa hizo. Mie ugonjwa wangu ulikuwa uzee wa diski na uvivu wa mwenyewe.

Ile diski ya nje nimeifunga ndani ya soksi mbili za sufi. Ijumaa kuna mtu anaondoka kwenda Muscat, na binti ameshaitafutia nafasi kabatini.