Usanidi wa Nodi Kuu na Nodi Akiba katika Klasta ya Kompyuta: Mfano wa Mnunuzi wa Umeme Igoma, Mwanza

Mwezi Mei 2021, mfumo wa LUKU wa kuuzia umeme ulikwama kwa siku kadhaa nchini Tanzania. Mkazi wa kata ya Igoma, jijini Mwanza, ambaye uniti zake ziliisha siku hizo, aliweza kubaki gizani ilhali nyaya za mtaani zina umeme. Mifumo ya namna hii huhitaji nodi akiba. Hata hivyo, makala hii inabainisha kuwa kuwapo kwa nodi hiyo pekee hakutoshi. Suala la msingi ni jinsi inavyoamuliwa kuwa nodi kuu imezimika.

Chukuliwe mfano wa klasta yenye nodi kuu Dar es Salaam na nodi akiba Mwanza. Nodi kuu hupokea miamala, hupeleka nakala Mwanza na hutuma ishara ya uhai kila baada ya muda mfupi. Ishara zikikosekana, nodi akiba hushika uongozi. Lakini ukimya huo una sababu mbili: ama nodi kuu imezimika, ama mkongo umekatika. Nodi akiba peke yake haiwezi kuzitofautisha. Ikishika uongozi wakati nodi kuu ingali hai, kanzidata hugawanyika, na malipo ya mkazi wa Igoma huonekana upande mmoja tu.

Suluhisho ni akidi. Nodi shahidi huwekwa mahali pa tatu, kwa mfano Dodoma, na nodi huongoza pale tu inapopata kura mbili kati ya tatu. Nodi kuu iliyotengwa hukosa akidi na kuacha kupokea miamala. Muda wa kusubiri wa nodi akiba sharti uzidi muda ambao nodi kuu huchukua kujisimamisha.

Aidha, nodi kuu isimjibu mteja kabla Mwanza haijathibitisha kupokea nakala. Mwanga husafiri ndani ya mkongo takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Mkongo ukifuata barabara ya takriban kilometa 1,100, kwenda na kurudi huchukua walau milisekunde 11. Mnunuzi hawezi kuuhisi ucheleweshaji huo, bali malipo yakipotea atayahisi. Iwapo nodi kuu itaruhusiwa kuendelea kwa kura ya shahidi wakati Mwanza haipatikani, basi nodi akiba izuiwe kuongoza hadi ipate nakala zote ilizokosa.

Hivyo basi, usanidi haujakamilika mpaka mawasiliano yakatwe kwa makusudi na kuthibitishwa kuwa nodi moja tu ndiyo inayouza.