Waanzilishi wa Kilwa: Majibu Mafupi kwa Maswali ya Wanafunzi

Je, Kilwa Kisiwani ilianzishwa na Washirazi?
Tarihi ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasimulia kuwa mtawala wa Kishirazi alikinunua kisiwa hicho kwa nguo. Simulizi hilo lenyewe linakiri kuwa kisiwa kilikuwa na mwenyewe. Aidha, uchimbaji ulioongozwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulibaini makazi yaliyotangulia nasaba hiyo, yenye vyungu vya kienyeji na mabaki ya ufuaji wa chuma. Kwa hiyo, wageni walijiunga na jamii iliyokuwapo.

Je, asili ya Uajemi ni uzushi mtupu?
La. Uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha mchanganyiko wa damu ya Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, na ya Kiajemi, hasa kwa upande wa akina baba.

Kwa nini nasaba ya ng'ambo ilisisitizwa?
Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala. Nasaba ya Kishirazi iliwapa watawala hadhi mbele ya wafanyabiashara Waislamu wa Bahari ya Hindi.

Suala hili lina uzito gani leo?
Mwanafunzi wa Lindi anayefundishwa kuwa mji ulijengwa na wageni pekee hunyimwa urithi wake. Anayefundishwa kuwa wageni hawakuwapo hupewa upotoshaji mwingine.