Herufi nene za mviringo: kweli au uongo?

Ni nene, hazina vijimkia, na ncha zake zimelainika kama jiwe lililopigwa msasa na wachongaji wa Tabaka. Kuanzia Daraja Mbili mjini Kisii hadi Nyamira utazikuta juu ya milango ya saluni, hoteli na chekechea. Nazipenda sana, na hunikera zikisingiziwa.

"Ni za watoto tu." Uongo. Fonti ya mviringo ya VAG Rounded ilitengenezwa mwaka 1979 kwa Volkswagen ya Ujerumani, ili mabango ya wauzaji wa magari yake na ya Audi yawe na sura moja. Baadaye Apple ikaichapa kwenye vitufe vya kompyuta zake kwa miaka mingi.

"Mviringo umeletwa na kompyuta." Uongo. Brashi ya duara ikiburutwa ukutani huacha mwisho wa mviringo yenyewe. Mrija wa taa ya neoni hupindwa, haukubali kona kali. Na mchongaji wa Tabaka anajua kwamba kwenye jiwe laini, kona ndiyo humeguka kwanza. Mkono ulitangulia, kompyuta imerithi.

"Kadiri zinavyonenepa ndivyo zinavyosomeka kwa mbali." Nusu kweli, na hapa ndipo pesa za wafanyabiashara hupotea. Unene husaidia mpaka matundu ya ndani yanapoanza kuziba. Andika obokima (ugali) au chinsaga (mboga) kwa fonti nene kupita kiasi, kisha rudi nyuma hatua thelathini: o, b, a na g zinageuka madoa. Ekegusii, lugha ya huku, kina irabu saba zinazoandikwa kwa herufi tano, kwa hiyo msomaji tayari anakisia sauti. Usimlazimishe kukisia na umbo.

Tarakimu ni mbaya zaidi. 3, 6, 8 na 9 zikinenepeshwa na kuviringishwa hufanana kama watoto wa mama mmoja, na mteja anayelipia nyama Keroka akikosea tarakimu moja ya nambari ya M-Pesa, pesa zaweza kuishia kwa mwingine. Jina la duka na liwe nene utakavyo. Nambari ya kulipia ipe unene wa kati, iachanishwe vizuri, na ijaribiwe kutoka ng'ambo ya barabara kabla fundi hajalipwa.

"Zafaa pia kwa maandishi marefu." Uongo. Programu ya mazishi yenye wasifu wa kurasa nne ikiandikwa hivyo yote, macho ya wazee huchoka ukurasa wa kwanza.

"Lazima uzinunue." Uongo. Nunito, iliyoanzishwa na Vernon Adams, na Varela Round zinapatikana bure kwa leseni huria, hata kwa kazi ya biashara.

"Ndizo bora kwa anayejifunza kusoma." Uongo, ingawa najua walimu wengi wanaamini hivyo kwa nia njema. Anachohitaji mtoto ni herufi zisizochanganyana, na katika fonti nyingi za mviringo I kubwa na l ndogo ni kijiti kilekile. Shirika la lugha la SIL lilibuni fonti kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, likaipa jina la Kiswahili: Andika. Nayo ni ya bure. Herufi zake a na g zina umbo ambalo mwalimu huchora ubaoni. Langoni mwa chekechea, basi, weka jina nene la mviringo. Kwenye kadi za kusomea darasani, weka Andika.